Kabla ya Kuzilaumu Spika za Masikioni, Tazama Vipira Vyake

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Watafiti huzungumza na wazee wa vijijini, wavuvi na akina mama wa sokoni, kisha faili za sauti hunifikia hapa Kimara, nami hukaa nazo saa sita kwa siku, siku sita kwa wiki, nikisikiliza na kuandika neno kwa neno. Kwa hiyo ninapoandika juu ya kile kipira kidogo cha silikoni kinachovishwa kwenye mdomo wa spika ya masikioni, ninaandika juu ya kitu kinachogusa riziki yangu moja kwa moja. Maoni yangu ni kwamba watu wengi katika jiji hili wana spika nzuri ambazo hawajawahi kuzisikia hata siku moja zikifanya kazi ipasavyo, na sababu ni vipira visivyowatosha.

Mwaka jana nilinunua Kariakoo jozi ya spika zisizo na waya kwa kiasi cha fedha ambacho kwangu si kidogo. Nikiwa ndani ya mwendokasi kurudi nyumbani nilizivaa, na nilichokisikia kilinivunja moyo: sauti ilikuwa nyembamba na kali, kana kwamba redio ndogo imewashwa chumba cha pili, na gitaa la besi katika muziki wa dansi ninaoupenda tangu utotoni halikusikika kabisa. Basi lilipofunga breki karibu na Jangwani, spika ya kushoto ilichomoka sikioni ikaanguka miguuni mwa abiria, na kijana aliyesimama kando yangu akainama kuniokotea. Siku iliyofuata nilirudi dukani nikiwa na hakika kwamba nimeuziwa bidhaa bandia. Muuzaji alinijibu, "Dada, hiyo ndiyo saizi inayokuja nayo kutoka kiwandani." Nilipomwuliza kuhusu vipira vingine ambavyo picha ya kwenye boksi ilivionyesha, alisema kwamba hakuna, na mazungumzo yetu yakaishia hapo.

Nje ya duka, chini ya mwavuli, alikuwapo fundi wa simu mwenye umri wa baba yangu. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu, lete niione." Hakuifungua. Alinitaka nicheze wimbo ninaoujua vizuri, niivae spika ya kushoto kama ninavyoivaa siku zote, kisha niisukume ndani taratibu kwa ncha ya kidole. Nilipofanya hivyo besi ilijaa sikioni ghafla, nzito na ya mviringo, na nilipoondoa kidole ikapotea tena. "Hii si mbovu," alisema, "inavuja." Alichakura kwenye kopo la plastiki lililojaa vipira vya kila aina, akanitolea kikubwa cha sikio la kushoto, na kile cha kati cha sikio la kulia akakiacha kama kilivyokuwa. Tangu siku hiyo navaa saizi mbili tofauti, wala hakuna la ajabu katika hilo, kwa maana masikio ya mtu mmoja hayalazimiki kufanana, kama vile miguu yake isivyolazimika kulingana.

Neno hilo la fundi, kuvuja, ndilo linaloeleza jambo lote, na ningependa kulikalia kidogo. Chukua pampu ya baiskeli, ziba mdomo wake kwa kidole gumba na usukume mpini: utaihisi hewa ikibana na kukusukuma. Legeza kidole kidogo tu, na utasukuma bila upinzani wowote. Ndani ya spika ya masikioni mna utando mdogo, katika spika nyingi upana wake ukiwa milimita 6 hadi 12, unaosogea mbele na nyuma. Utando mdogo namna hiyo hauwezi kutikisa hewa ya chumba kizima kiasi cha kutoa besi. Unaweza kufanya hivyo sikioni kwa sababu tu hewa iliyo kati yake na ngoma ya sikio ni kidogo mno na imefungiwa. Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa takribani sentimita mbili na nusu, na sehemu yake ya mwanzo inazibwa na spika yenyewe. Kipira kikiziba barabara, kila msukumo wa utando huibana hewa hiyo, na shinikizo hilo ndilo tunalolisikia kama besi. Kikiacha mwanya, mawimbi ya sauti nene, ambayo hubadilika polepole na hivyo yana muda wa kutosha, hutorokea nje kupitia mwanya huo, ilhali mawimbi ya sauti nyembamba hubadilika haraka mno hata hewa haiwahi kutoka. Ndiyo maana spika inayovuja haitoi sauti ndogo kwa jumla, bali hutoa sauti iliyokatwa miguu: sauti za "s" na matoazi ya ngoma yanabaki, lakini besi na kifua cha sauti ya mwanamume vinatoweka.

Hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Mtu akishaona kwamba besi haipo, huingia kwenye programu ya simu na kuiongeza, au huongeza sauti yote. Kuongeza besi kwenye spika inayovuja ni sawa na kuzidisha kasi ya kusukuma ile pampu huku kidole kimelegea. Betri inakwisha upesi, utando unasukumwa kupita kiasi, na kinachofika sikioni zaidi ni ukali wa juu, usiotakiwa.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya kelele tunazoishi nazo. Spika nyingi za sasa zina mfumo wa kuzima kelele, ambao kwa maikrofoni zake husikiliza mngurumo wa nje na kutengeneza mawimbi ya kinyume ili kuufuta. Mfumo huo ni hodari kwa sauti nene zinazoendelea bila kubadilika, kama injini ya daladala au jenereta la jirani, na uhodari wake hupungua kadiri sauti inavyopanda. Honi, mlio wa konda akigonga bodi, na kelele za wapiga debe haviachiwi mfumo huo; vinazuiwa na kipira chenyewe kwa kuziba tu, kama mlango unavyozuia. Kipira kikivuja, kinga zote mbili zinaanguka kwa pamoja: sauti za juu zinaingia kwenye mwanya, na mngurumo unaingia kwa wingi kuliko mfumo unavyoweza kuufuta. Nimewasikia watu wakisema kwamba mfumo wa kuzima kelele wa spika zao ni wa uongo, na nilipowaomba wabadilishe vipira tu, baadhi yao walibadili kauli papo hapo.

Kisha kuna afya ya masikio, na hili silichukulii kwa wepesi hata kidogo, kwa kuwa nikiharibikiwa masikio sina kazi nyingine. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwamba kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Wiki yangu ya kazi ina saa 36, hivyo kwa desibeli 80 nimo ndani ya mpaka, tena kwa saa chache tu. Nikiongeza sauti hadi desibeli 86 ili kushindana na kelele za barabarani zinazopenya kwenye mwanya wa kipira, kibali changu kinashuka kutoka saa 40 hadi 20, kisha hadi 10. Nikianza kazi Jumatatu asubuhi, kabla ya Jumanne kwisha nimekwisha kumaliza posho ya wiki nzima. Kipira kinachoziba vizuri kinaniwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini na bado nikasikia kila silabi, na kwangu hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kukijali, mbele ya utamu wa muziki.

Wapo wanaodhani kwamba suluhisho ni kuchukua kikubwa kuliko vyote na kukisukuma kwa nguvu. Sivyo. Kipira kikubwa mno hujikunja ndani ya njia ya sikio, na mikunjo hiyo huacha vijimfereji vinavyovuja vilevile, mbali ya maumivu ambayo huanza baada ya nusu saa hivi. Tena kikubwa mno hukaa mlangoni badala ya kuingia ndani, na spika huning'inia kwa uzito wake. Katika spika za waya udhaifu huo ulivumilika, kwa sababu spika ikichomoka iliishia kifuani. Spika isiyo na waya haina kinachoishika isipokuwa umbo la sikio na kipira hicho, na ikichomoka juu ya mfereji wa barabarani imekwenda. Namna ya kuivaa nayo ina sehemu yake: vuta sikio juu na nyuma kidogo kwa mkono wa upande wa pili, ingiza spika huku ukiizungusha taratibu, kisha achia sikio lirudi mahali pake. Baada ya hapo ongea, tafuna, fungua mdomo wazi, kwa maana taya likisogea njia ya sikio hubadilika umbo, na kipira kilichoziba ukiwa umenyamaza kinaweza kuvuja unapotafuna karanga.

Kuhusu vipira vya sponji, vile unavyovibana kwa vidole vikawa vyembamba na kisha vikatanuka vyenyewe sikioni, nina maoni yaliyogawanyika. Kwa kuziba havina mpinzani, kwa sababu hufuata umbo la sikio lilivyo, na kwa mtu ambaye silikoni zote zimemshinda ningemshauri avijaribu bila kusita. Vinapunguza kidogo makali ya sauti za juu, jambo ambalo kwa saa sita za kusikiliza ni nafuu kwangu. Lakini joto la Dar es Salaam si rafiki wa sponji. Mwezi Februari, nikitembea kutoka kituoni hadi nyumbani, vilinyonya jasho, vikawa vizito na kuanza kunata, na baada ya miezi michache vilipoteza uwezo wa kutanuka. Silikoni unaivua, unaiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, unaiacha ikauke kabisa na kuirudisha. Kwa hiyo sponji nazitumia nyumbani mezani, silikoni njiani. Anayenunua vipira vya pembeni, vya aina yoyote, ajaribu kwanza kama kasha la kuchajia linafunga, kwani vipira virefu vilivyotengenezwa kwa spika za waya huzuia spika kukaa vizuri kwenye kasha, na asubuhi unakuta upande mmoja haukuchaji. Aangalie pia mdomo wa spika, maana mingine ni ya duara na mingine ni ya yai, na kipira cha duara kilicholazimishwa juu ya mdomo wa yai kinaweza kuachwa ndani ya sikio spika inapotolewa.

Kuna kundi moja ambalo kipira kinachoziba hakiwafai, na nadhani wanapaswa kuambiwa wazi. Sikio likizibwa, sauti yako mwenyewe huvuma kichwani, na vishindo vya hatua zako husikika kama mtu anayepiga sakafu kwa kisigino. Wengine hawawezi kuvumilia hali hiyo, na hukimbilia kipira kidogo ili kiwe na nafasi ya kupumua. Hapo wanapoteza besi, wanapoteza kinga ya kelele, na spika inaanguka. Kwao ni bora kununua zile spika za wazi zisizoingia ndani ya sikio, ambazo zimebuniwa tangu mwanzo kufanya kazi bila kuziba, na ambazo kwa mtu anayevuka Barabara ya Morogoro kila siku zina usalama wake.

Lawama yangu kwa wauzaji inabaki palepale. Watengenezaji wenyewe wamekuwa wakiongeza saizi mwaka hadi mwaka: AirPods za kwanza, spika zisizo na waya za kampuni ya Apple zilizotoka mwaka 2016, hazikuwa na vipira kabisa, AirPods Pro za mwaka 2019 zilikuja na saizi tatu pamoja na jaribio la kwenye simu linalopima kama sikio limezibwa, toleo la mwaka 2022 lilikuwa na saizi nne, na la mwaka 2025 lina tano. Wakati huohuo, katika meza nyingi za Kariakoo, kifuko cha vipira vya akiba ndicho kitu cha kwanza kupotea boksi linapofunguliwa ili mteja aone bidhaa. Hatumuuzii mtu viatu kwa kumwambia kwamba saizi ni moja. Muuzaji angeweza kuweka vipira vya kujaribia, akavifuta kwa spiriti baada ya kila mteja, na akauza vya akiba kwa bei yake. Angepunguza wateja wanaorudi na hasira kama nilivyorudi mimi. Nanyi wanunuzi, kabla ya kutoa fedha, ombeni kukiona kifuko hicho kwa macho.

Baada ya kupata kipira cha kushoto nilirudia kazi moja niliyokwisha kuiwasilisha, mahojiano na bibi mmoja mwenye sauti ya chini, yaliyorekodiwa uani huku kuku na watoto wakipita. Nilikuwa nimeandika "haisikiki" katika sehemu kumi na moja. Niliketi mezani, sauti ikiwa chini kuliko mara ya kwanza, jenereta la jirani likinguruma upande wa pili wa ukuta, nikasikiliza tena kila sehemu. Nane kati ya hizo zilisikika. Nilimwandikia mtafiti barua pepe usiku uleule, nikamtumia nakala iliyosahihishwa.