Barua yako ya kazi inaongelea shida zako, kazi yenyewe umeitaja wapi?

Steshenari yoyote iliyo karibu na chuo, iwe Changanyikeni pale Dar, iwe Malimbe kule Mwanza, kuna faili kwenye kompyuta limeandikwa "barua ya kazi". Unamtajia dada jina lako, namba ya simu na kampuni unayoomba, anabadilisha hivyo vitu vitatu, anaprinti, unalipa unaondoka. Aliyekuwa mbele yako kwenye foleni katoka na barua hiyohiyo na wa nyuma yako atatoka nayo. Inaanza na "husika na kichwa cha habari hapo juu", inafuata "mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 24, nina afya njema na akili timamu", halafu mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi kwenye mazingira magumu na chini ya usimamizi mdogo, mwisho kabisa "wako katika ujenzi wa taifa". Hakuna hata sentensi moja ya kuonyesha kwamba huyu mtu anaijua kazi anayoiomba.

Mimi nina msimamo mmoja kwenye hili na wadogo zangu nyumbani wameshausikia sana: barua ya kazi iongelee kazi. Isiongelee umetoka familia gani au umekaa mtaani muda gani tangu umalize chuo. Najua mtaani kugumu, najua kabisa, na inauma kuona mtu ana digrii yake halafu anaandika "nitashukuru kwa nafasi yoyote ile itakayopatikana", lakini anayeisoma hiyo barua ana kazi zimelala mezani na anatafuta mtu wa kuzifanya, ukimwambia utafanya yoyote unamwacha na swali lilelile alilokuwa nalo, huyu nikimchukua atanifanyia nini?

Ofisini kwetu ni kampuni ya kawaida tu ya usambazaji, na nafasi ikitangazwa huwa napewa bahasha na imeili za maombi nizichuje kabla hazijafika kwa bosi. Ukishasoma barua kadhaa mfululizo jicho linaanza kuruka lenyewe, linaruka anwani, linaruka aya ya kwanza, linakwenda katikati kutafuta kitu cha kushika. Likikuta "mchapakazi na mwaminifu" linaruka tena. Siyo dharau jamani, ni kwamba kila mtu kaandika hivyo, na uaminifu wa mtu siwezi kuupima kwa yeye kujiita mwaminifu.

Kuna binti aliomba ukarani wa stoo. Tangazo lilitaka mtu wa kupokea mzigo, kutunza leja na kutoa ripoti ya stoku kila wiki. Uzoefu wa ofisi hakuwa nao hata kidogo. Ila aya yake ya katikati ilikuwa inakwenda hivi, naandika kwa ninavyokumbuka: "Tangu nimalize kidato cha sita nasimamia duka la vifaa vya ujenzi la baba mdogo. Gari la saruji likifika mimi ndiye nahesabu mifuko na kulinganisha na delivari noti, iliyochanika naiandika pembeni na dereva anasaini kabla hajaondoka. Jumamosi jioni nahesabu mali yote iliyobaki na kulinganisha na daftari la mauzo, ikitokea tofauti napitia risiti moja moja mpaka nijue imetokea wapi."

Hapo nilisimama kusoma. Neno mwaminifu hakulitumia popote lakini mtu anayemsainisha dereva mifuko iliyochanika nimeshamjua ni mtu wa aina gani. Na ukiangalia vizuri alichofanya ni kuchukua yale majukumu matatu ya kwenye tangazo na kuyajibu moja baada ya jingine kwa kitu anachokifanya kila wiki, kupokea mzigo kajibu, leja kajibu, ripoti kajibu. Aliitwa usaili na maswali mengi aliyoulizwa yalitoka humohumo kwenye barua, kwahiyo alikuwa anaongelea vitu anavyovijua.

Hicho ndicho nataka watu wafanye. Kabla hujaandika chochote chukua tangazo, nenda palipoandikwa majukumu, chagua mawili au matatu mazito zaidi, alafu jiulize ni wapi umewahi kufanya kitu kama hicho, hata kama hukulipwa. Wanaoomba udereva kwa mfano, wengi wanaishia "nina leseni ya udereva na cheti cha VETA", hiyo ni sifa ya kuingilia tu na kila mwombaji anayo. Sema umeendesha gari gani, la tani ngapi, njia ipi. Mtu akiniandikia kwamba amepeleka mzigo wa mbolea Makambako mpaka Songea kipindi chote cha mvua, hajapata ajali na logi buku, lile daftari la safari za gari, alikuwa anajaza mwenyewe kila safari, huyo namwita kwenye majaribio ya gari kesho yake.

Na nyie mliotoka chuo juzi msiseme hamna cha kuandika, fildi mmefanya. Tatizo mtu anaandika "nilifanya fildi halmashauri" anaweka nukta. Ulifanya nini pale? Ulikaa dirisha la mapato ukitoa kontroli namba? Ulipanga mafaili ya masijala yaliyokuwa yamechanganyika, uliingiza vocha kwenye mfumo, ulikwenda na afisa ugani kwa wakulima ukawa unaandika takwimu? Andika hiyo, na andika ilisaidia nini pale ofisini. Uwakala wa M-Pesa uliofanya likizo nao ni kazi, mtu anayefunga hesabu ya floti (pesa iliyo kwenye simu) na keshi kila jioni na zikakutana anafaa kabisa kujieleza kwenye barua ya ukeshia.

Sasa najua kuna atakayesema barua hazisomwi, kazi ni koneksheni. Koneksheni zipo, siwezi kubisha, na zinaumiza watu wenye uwezo. Ila hata huyo mwenye mjomba ndani ya kampuni anaambiwa "tuma barua na sivii kwa HR", na mjomba mwenyewe akiwa na barua nzuri mkononi anapata nguvu ya kukutetea kwenye kikao. Wewe usiye na mjomba una hiyo karatasi tu, ndiyo maana inaniuma ukiijaza maneno ya kunakili.

Serikalini mambo yako tofauti kidogo na watu wanachanganya. Ukiomba kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, barua haina kazi kubwa ya kukuuza, maana mbele kuna mchujo wa mtihani wa kuandika na usaili wa mahojiano. Pale barua inaweza kukuangusha kabla hata hujaanza. Matangazo yao yanataka barua iliyosainiwa, iambatishwe pamoja na vyeti, ielekezwe kwa Katibu, Sekretarieti ya Ajira, S.L.P. 2320, Dodoma, siyo kwa mkurugenzi wa taasisi unayoitamani. Testimonio, yaani barua ya shule au chuo ya kukutambulisha, na matokeo ya muda hawapokei, wanataka vyeti vyenyewe. Kama majina kwenye vyeti yanapishana inatakiwa hati ya kiapo iliyosajiliwa, na kama tayari ni mtumishi wa umma barua ipite kwa mwajiri wako. Mtu anapoteza nafasi kwa kusahau sahihi, yaani sahihi tu! Printi, saini kwa kalamu, skani, ifungue uisome ndiyo upandishe.

Suala la lugha. Matangazo ya serikali yanaruhusu Kiswahili au Kiingereza, na makampuni mengi binafsi hayasemi chochote. Ushauri wangu, kama tangazo halijataja lugha, andika kwa ile unayoweza kujieleza bila kushikiliwa mkono. Nimesoma barua za Kiingereza ambazo mwombaji hakuwa anajua anasema nini, na pembeni sivii yake inaonyesha kabisa kwamba ni mtu wa kazi. Sasa hivi kuna ChatGPT na wengi wanaitumia, sioni ubaya wa kuitumia kunyoosha sentensi, lakini ukiiambia tu "niandikie barua ya kazi ya uhasibu" inakuletea lile faili la steshenari limevaa suti. Duka la baba mdogo haiwezi kulijua mpaka wewe uiambie. Andika kwanza mwenyewe, hata kwa lugha mbovu, ukweli wako uwe umeshakaa mle ndani.

Urefu ukurasa mmoja, usizidi. Sivii ina nafasi yake, usiimwage yote kwenye barua. Weka jina la nafasi kama lilivyo kwenye tangazo na kumbukumbu namba kama ipo, maana kampuni inaweza kuwa inatangaza nafasi tano kwa wakati mmoja na barua isiyosema inakwenda kundi lisilo lake. Kama unatuma kwa imeili usitume imeili tupu yenye kiambatisho kinachoitwa "doc1 mpya kabisa", andika mistari miwili ya salamu na unaomba nini, faili liwe pdf lenye jina lako na nafasi unayoomba.

Jambo jingine ambalo watu hawalipi uzito ni wadhamini. Ukishatuma barua wapigie wale uliowaandika, mwalimu wako, msimamizi wa fildi, baba mchungaji, yeyote yule, uwaambie umeomba kazi gani na wapi, na umeandika nini kuhusu kazi uliyofanya nao. Sisi huwa tunapiga. Tunapiga saa nne asubuhi mtu yuko kwenye daladala, anaulizwa habari za fulani anasema "fulani yupi?", na pale tulikuwa tumebakiza kuamua kati ya watu wawili.