Gridi ya Kenya na ya Tanzania katika mdundo mmoja: tumepata nini, tumejiweka wapi

Tangu Desemba 2024, laini ya msongo wa kilovoti 400 kutoka Isinya, Kenya, hadi Singida imezifunga gridi za nchi hizi mbili pamoja. Uganda imeungana na Kenya tangu miaka ya 1950. Hivyo umeme wa Olkaria nchini Kenya, Jinja nchini Uganda na Rufiji nchini Tanzania sasa unapiga mdundo uleule: mkondo wake hwenda na kurudi mizunguko 50 kwa sekunde.

Wanaoshangilia wana hoja nzito. Kila mtambo kati ya tisa ya Bwawa la Julius Nyerere hutoa megawati 235. Mmoja ukizimika ghafla katika gridi iliyo peke yake, mdundo huporomoka haraka. Gridi zikiungana, mitambo yote inayozunguka hubeba pengo hilo: uzito wake unaozunguka hutoa nishati papo hapo, kabla milango ya maji haijafunguka zaidi. Sekunde hizo chache ndizo zinazoepusha giza. Mitambo ya upepo inayopitisha umeme wake kwenye vifaa vya elektroniki haitoi msaada huo bila kupangiwa.

Lakini hitilafu nayo husafiri. Novemba 4, 2006, Ujerumani ilizima laini inayovuka mto Ems ili meli ipite. Mzigo ukahamia laini nyingine, zikazidiwa moja baada ya nyingine, na gridi ya bara la Ulaya ikapasuka vipande vitatu. Nyumba zaidi ya milioni 15 zilikosa umeme, nyingine mbali kabisa na mto huo. Ndiyo maana wapo wanaopendelea mkondo mnyoofu (DC), yaani umeme usiobadili mwelekeo, kama laini ya kilometa 1,045 kutoka Ethiopia hadi Suswa, Kenya, inayopitisha umeme bila kulazimisha pande mbili kwenda mdundo mmoja.

Kwangu, kinga hiyo inasifiwa kupita kiasi. Septemba 6, 2024, laini ya Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, iliyobeba megawati 288 za upepo ilikatika Suswa, kisha laini ya Ethiopia iliyokuwa ikileta megawati 200 ikafuata. Zaidi ya robo ya mahitaji ya Kenya ilipotea, na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Mkondo mnyoofu uliitenga Ethiopia na msukosuko huo, Kenya haukuiokoa.

Ulaya ya 2006 iliokolewa na kanuni zilizowekwa mapema. Mdundo uliposhuka hadi karibu na mizunguko 49 kwa sekunde upande wa magharibi, relei, vifaa vinavyokata umeme vyenyewe, zilikata baadhi ya wateja, na umeme ukarejea kwa wengi ndani ya saa mbili. Kwa hiyo naunga mkono muungano wetu, ila kila nchi iwe na akiba yake ya uzalishaji inayosubiri, si kumtegemea jirani. Na kuna jambo ambalo wanasiasa hawaligusi: relei hupima mdundo tu, haijui mpaka. Upungufu ukitokea Nairobi, mtaa wa Dodoma unaweza kukatwa, na kinyume chake. Nani akatwe kwanza, kwa megawati ngapi, na laini ya Singida ikatwe mdundo ukifika wapi, ni mambo ya kujadiliwa bungeni pande zote mbili na kutangazwa kwa wateja sasa, mitambo ikiwa bado imetulia.