Nimeibiwa, Lakini kwa Kiingereza Sijaibiwa

Jamani, Waingereza mikia ya maneno yao waliitupa wapi? Sisi ukichukua "kopa" ukaipachika "-sha" nyuma, mambo yamekwisha: mteja anakopa, mimi namkopesha, na sote tunajua nani atakayepita njia ya nyuma mwisho wa mwezi. Kumbuka, kumbusha. Anguka, angusha. Mwenzetu kila akitaka kuligeuza jambo upande wa pili anazaa neno jipya kabisa lisilofanana na ndugu yake. Anayepokea eti ana-borrow, anayetoa ana-lend. Mtu mwenye duka afanyeje?

Duka langu liko Mbagala, kando ya barabara. Wateja wananiita Mangi, jina wanalopewa Wachaga wenye maduka, ingawa mimi ni Mnyiramba wa Singida. Ukishauza sukari ya kupima, kabila lako wanakupangia wao. Bango la "Kukopa harusi, kulipa matanga" lilikuwepo miaka yote na halijawahi kumtisha hata mtoto. Fundi wa mabango akanishauri: weka Kiingereza, Kiingereza kinaogopwa. Akachora kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: WE DO NOT BORROW.

Yupo mwalimu mstaafu anayekuja kila asubuhi kusoma gazeti langu bure. Alilitazama lile bango, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. "Mangi, umewatangazia watu kwamba wewe huendi kukopa kwa mtu. Yaani hela unazo." Ndiyo maana daftari la madeni lilikuwa limejaa! Nani asiyependa kukopa kwa mtu asiyekopa?

Shuleni ndiyo usiseme. Binti yangu yuko kidato cha pili. Mpaka darasa la saba alisoma kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza akakuta hata baiolojia imehamia Kiingereza. Juzi kwenye insha aliandika "my father learned me to count money". Mimi nilifurahi kutajwa. Akapigwa kosa jekundu: kufundisha ni teach, learn ni kujifunza. Mwalimu mstaafu akaweka gazeti chini, jambo ambalo hulifanya mara chache, akasema huko zamani learn ilibeba kazi zote mbili. Shakespeare katika The Tempest, mchezo ulioigizwa mbele ya mfalme wao mwaka 1611, anaye kiumbe aitwaye Caliban anayewalaani waliomtawala kwa "learning me your language", yaani kwa kumfundisha lugha yao. Kwa hiyo Shakespeare akikaa mtihani wa kidato cha pili leo, kosa jekundu linamhusu. Na huyo Caliban, wallahi, namwelewa kuliko jirani yangu.

Halafu kuna kuku. Sentensi kwenye kitabu chake: "The hens lay under the mango tree." Binti anauliza, baba, kuku wanafanya nini? Kumbe inategemea siku! Ikiwa ni mazoea yao, kuku hutaga chini ya mwembe. Ikiwa ni jana, kuku walikuwa wamejilaza tu chini ya mwembe, hakuna yai. Maana lie ya kujilaza ikienda jana inageuka lay, na lay ya kutaga ndiyo hiyo hiyo ya leo. Ile lie ya kudanganya nayo ina jana yake nyingine, lied. Nikamwambia binti akachungulie kwanza chini ya mwembe kama kuna mayai ndipo ajibu. Mama yake, ambaye ndiye mwenye kuku, akatoa kichwa dirishani: "Mayai yangu msiyaingize kwenye masomo yenu!"

See, look na watch siyagusi. Hapo hata sisi tuna kuona, kutazama na kuangalia, kila mtu abebe mzigo wake.

Ila kilichonimaliza ni bima. Mwezi uliopita, mchana kweupe, kijana mmoja alipita akabeba mtungi wa gesi wa kilo sita uliokuwa nje ya mlango. Hakuvunja kitu, hakushika panga. Tena alikuwa ameniamkia: shikamoo mzee. Nikaitikia marahaba, nikageuka kumpimia mteja mchele, nageuka tena, mtungi hakuna.

Kwa Kiswahili nimeibiwa. Neno moja tu, na wote tumo: mwizi yumo, mimi nimo, uchungu umo. Wakala wa bima akafungua mkataba, Kiingereza kurasa hadi kurasa, akaniuliza kama ni rob, steal au burgle. Nikamwambia chagua yoyote, mtungi ndio huo haupo. Akasema hapana, kila moja na bei yake. Rob anafanyiwa mtu, au hata benki, kwa nguvu au kwa vitisho. Burgle linafanyiwa jengo, mwizi akiingia ndani kuiba. Steal kinafanyiwa kitu. Mkataba wangu unalipa rob na burgle. Steal kavu, iliyobebwa nje mlangoni, haimo.

"Kwa hiyo mtungi umeibwa, lakini mimi sijaibiwa?"

"Kwa lugha ya mkataba, Mangi, ndiyo hivyo. Angevunja hata kufuli tu, tungeongea. Au angekutisha kidogo."

Nikamuuliza, je, ile shikamoo haihesabiki kuwa kitisho? Maana siku hizi kijana asiyekujua akikuamkia kwa adabu namna ile, mtu mwenye akili anashika mfuko.

Akakuna kichwa na kalamu. Akasema hilo atauliza makao makuu.