Rio Arriba: ardhi iliyopotea au unga ulioletwa?

Heroini ikitajwa pamoja na Walatino wa Marekani, wengi humfikiria mhamiaji aliyevuka mpaka. Wilaya ya Rio Arriba, kaskazini mwa jimbo la New Mexico, inaivuruga picha hiyo. Kwa miaka mingi vifo vya kuzidisha dawa huko vimekuwa miongoni mwa vingi zaidi Marekani kwa idadi ya watu, na familia zinazozika ni za Kihispania ambazo mababu zao walianza kufika mwaka 1598, kabla hata ya nchi yenyewe kuwepo. Wahamiaji, kwa ujumla, hutumia dawa kidogo kuliko watoto wao wanaozaliwa Marekani. Hoja ya "ndio utamaduni wao" haina miguu.

Basi ni nini? Wapo wanaosema ni ardhi. Mkataba wa 1848, uliomaliza vita vya Marekani na Meksiko, uliahidi kulinda mali za Wameksiko waliojikuta upande wa Marekani, lakini malisho ya pamoja yalimegwa mahakamani na kwa mikono ya mawakili, na mengi leo ni msitu wa serikali. Uchungu huo ndio uliowafanya wafuasi wa Reies López Tijerina, mwanaharakati aliyedai ardhi hizo zirudishwe, wavamie mahakama ya Tierra Amarilla kwa bunduki mwaka 1967. Jirani tu ipo Los Alamos, mji wa maabara ya nyuklia, tajiri kupindukia.

Nakubali, ila nusu. Walioporwa ardhi duniani ni wengi, na si wote waliozama kwenye unga. Bila heroini nyeusi ya Meksiko kufika hadi mlangoni, uchungu ungetafuta njia nyingine. Pombe, pengine, ambayo nayo inaua sana huko.

Lakini wanaotegemea polisi nao wamejibiwa. Mwaka 1999 kijiji cha Chimayó, kinachojaa mahujaji kila Pasaka, kilivamiwa na polisi, na wauzaji wakakamatwa kwa mkupuo. Unga haukuisha. Zipo nyumba ambako mama na mwana hujidunga pamoja, mmoja akishikwa na arosto, yaani mateso ya kukosa unga, mwenzake anamgawia. Ukimtoa mmoja kwa mwezi mzima kisha ukamrudisha humo humo, umefanya nini?

New Mexico ilitangulia majimbo mengine, mwaka 2001, kuruhusu raia wa kawaida kushika naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha. Wapinzani husema inawapa mateja kiburi. Wanasahau kwamba teja akizinduliwa nayo huamka na arosto kali, akitapika na kutetemeka. Hakuna anayeifuata kwa starehe.