Altrasaundi ipewe nafasi yake kwa wagonjwa wa Crohn

Tangu niambiwe nina Crohn, ugonjwa sugu unaovimbisha utumbo, nimepitia karibu kila kipimo cha kutazama utumbo: kolonoskopi (kamera inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa), CT skani, MRI, altrasaundi, hata kumeza kapsuli yenye kamera. Wagonjwa wapya huniuliza kipi ni bora. Nami huwauliza kwanza: bora kwa kuona nini, na mara ngapi?

Kolonoskopi bado inaheshimiwa, na ni haki yake. Daktari anaona vidonda waziwazi na anachukua vipande vidogo vya nyama kwa ajili ya maabara. Kwa kolaitisi ya vidonda, ambayo hukaa kwenye utando wa ndani wa utumbo mpana, hiyo inatosha kwa mengi. Lakini Crohn huchimba ukuta mzima, kutoka ndani hadi nje. Kamera inaona rangi ya chumba, haioni ufa uliomo ndani ya tofali. Tena inaishia pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, mita kadhaa za juu haizifikii. Kapsuli hufika huko, ila nayo huona utando tu, na penye njia iliyobana inaweza kukwama.

MRI inauona ukuta wote. Unakunywa lita moja au zaidi ya maji maalumu ili utumbo utanuke, unachomwa dawa mshipani, kisha unalala ndani ya mashine ukiambiwa uzuie pumzi, uachie, uzuie tena. Unene wa ukuta, majipu, sehemu zilizobana, vyote vinajitokeza. Kwa fistula, yaani vijinjia visivyo vya kawaida, za kando ya njia ya haja kubwa sina ubishi kabisa: MRI ya nyonga.

Utafiti uitwao METRIC, uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2018, uliwapima wagonjwa 284 kwa MRI na altrasaundi. MRI iligundua ugonjwa wa utumbo mwembamba kwa asilimia 97 ya waliokuwa nao, altrasaundi asilimia 92. Walipotakiwa kuonyesha pia ugonjwa umefika wapi, MRI ilipata asilimia 80, altrasaundi 70. Wengi husoma hapo na kusema MRI imeshinda. Mimi nasema pengo hilo si kubwa kiasi cha kuiweka altrasaundi pembeni, kwa sababu makali ya ugonjwa huu hupanda na kushuka, na picha moja ya mwaka haiwezi kuyafuata.

Altrasaundi hufanyika siku ileile ya kliniki. Huhitaji kunywa dawa ya kusafisha tumbo, hakuna sindano, hakuna mionzi. Ukuta wa utumbo ukizidi milimita 3, daktari anaanza kuushuku. Akiwasha dopla, sehemu ya mashine inayoonyesha mtiririko wa damu, anaona kama damu imejaa pale, dalili kwamba moto bado unawaka. Kwa kolaitisi ya vidonda imeonekana kwamba ukuta unaweza kuanza kupungua unene wiki mbili tu baada ya kuanza dawa. Nani atakupeleka MRI kila wiki mbili?

Ina udhaifu, nakiri. Inategemea mkono wa anayeishika. Gesi humzuia kuona, na rektamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana iliyojificha ndani ya nyonga, humpa taabu. Lakini mkono hufundishika, kwa hiyo wafundishwe wengi zaidi.

CT skani ninaiogopa, ingawa usiku wa dharura, utumbo ukiziba au ukitoboka, ndiyo itakayookoa maisha. Wengi wetu tunaugua tukiwa vijana, na mionzi ya kila kipimo hujumlishwa juu ya ile iliyotangulia. Kuitumia kwa ufuatiliaji wa kawaida, wakati njia nyingine ipo, si sawa.

Ninachoomba ni hiki: mwanzoni mgonjwa afanyiwe kolonoskopi na MRI, na wiki hizohizo apimwe kwa altrasaundi ili ijulikane kama inaifikia sehemu yake yenye ugonjwa. Ikiwa inaifikia, hiyo ndiyo iwe ya kumfuatilia, pamoja na kipimo cha kalprotektini kwenye choo, protini inayoonyesha kama utumbo umevimba.

Kabla sijabadilishiwa dawa ukuta wangu ulikuwa milimita 8. Mwezi uliopita ulikuwa 5. Daktari alinigeuzia skrini nikauona mwenyewe. Na siku zote mbili, ile ya 8 na ile ya 5, sikuwa na maumivu yoyote.