Takwimu za kwetu zinazaliwa kidijitali, zinafia kwenye droo

Tangu Aprili 2019, kampuni kubwa huku Uingereza hulazimika kueleza kwenye ripoti ya wakurugenzi zimetumia nishati kiasi gani na zimetoa hewa ukaa kiasi gani. Mita hutuma usomaji wa kila nusu saa, mhasibu anapakua faili, basi. Wabongo tulioko huku tukiona hivyo tunasema kwetu tuko nyuma mno. Nakataa.

Risiti ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) ina uniti, tarehe na namba ya mita. Risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ya sheli ina namba ya uhakiki; iingize kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato, utajua kama ni halali. Takwimu zipo. Tatizo ni kwamba karatasi ile hufifia, na mkaguzi akija anakuta karatasi nyeupe droo nzima. Ipigwe picha siku hiyohiyo.

Kosa jingine ni kuhesabu tokeni kana kwamba ndiyo matumizi. Tokeni ya Desemba 30 inaliwa Januari. Soma mita siku ya mwisho ya mwezi, toa usomaji wa mwezi uliopita.

Ila panapovuja hasa ni kwenye jenereta. Dizeli hununuliwa kwa madumu, risiti moja na ya magari. Lita moja ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, kwa hiyo lita 400 ni kilo 1,080. Jenereta nyingi zina kihesabu saa: andika saa kila unapojaza, kisha gawa lita kwa saa. Wastani ukipanda na mzigo ni uleule, ama mashine inadai fundi, ama kuna dumu limetokea mlango wa nyuma. Ndiyo maana anayenunua asiwe ndiye anayejaza jedwali. (Na tafadhali, msikokotoe hewa ukaa ya umeme wa gridi yetu kwa viwango vya Uingereza. Sehemu ya umeme wetu hutoka kwenye mabwawa, na mabwawa yetu wao hawana.)

Wanachotuzidi kweli ni uwazi. Companies House, msajili wa kampuni wa huku, inamfungulia yeyote, bure, hesabu za kampuni na majina ya wenye zaidi ya asilimia 25 ya hisa. Si malaika: kwa miaka mingi ilipokea jina lolote bila kulihakiki, na uhakiki wa lazima umeanza Novemba 2025 tu. Kenya inataka mmiliki atajwe kuanzia asilimia 10, sheria kali kuliko ya Waingereza, lakini daftari lenyewe mwananchi halioni.