Usiniambie nijijenge kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu, miaka miwili tangu amalize chuo na kazi hajapata, alinionyesha ujumbe aliotumiwa na mtu anayemwita mshauri wake. Punguza watu, jifungie, andika malengo, jijenge kwanza. Kusaidia wengine kutakuja ukishafanikiwa. Na ushauri huo kaulipia! Nilikasirika mpaka chai ikapoa mezani.

Huko anakopelekwa nimeshafika. Mwaka nilioachishwa kazi nilijifungia miezi minne. Daftari la malengo nilikuwa nalo, ukurasa wa kwanza umejaa, wa pili nusu. Naamka saa nne, namsikiliza muuza mkaa anapita, nalala tena. Njaa haikuwa tatizo, dada yangu alinilisha. Kilichoniumiza ni kwamba siku ingekwisha hakuna hata mtu mmoja aliyenihitaji.

Usiku mmoja jirani akagonga dirisha. Mkewe amejifungua, anavuja damu, hospitali wamemwongezea lakini akiba ya damu inakaribia kuisha, wanaomba ndugu waje kuchangia. Akaniuliza, "Kaka, uzito wa kutoa damu, kilo hamsini, unafika?"

Nafika. Ndilo swali la kwanza kwa miezi minne nililoweza kulijibu bila aibu.

Wakanitoboa kidole, tone la damu likadondoshwa kwenye maji ya bluu, likazama. Maana yake damu yangu inatosha. Pembeni yangu alikaa dereva wa bodaboda, helmeti kaipakata, anaminya mpira mkononi taratibu. Yeye na yule mama hawajuani kabisa, alikuwa amemleta tu jirani yangu pale getini. Mililita 450 kila mmoja, kisha soda na biskuti. Mtaalamu wa maabara akatueleza kwamba damu yetu itapimwa kwanza ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, kwa hiyo chupa zetu huenda zikamfikia mgonjwa mwingine. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, labda, au aliyeishiwa damu kwa malaria. Nilirudi nyumbani alfajiri kwa miguu, na nilikuwa mzima kuliko nilivyokuwa kwa muda mrefu.

Kazi sikupata kesho yake, wala mwezi uliofuata. Lakini nilikuwa na tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu, nikawa na namba za watu wa kuwapigia, na watu wakawa na namba yangu. Maisha yangu yalianza kusimama hapo.

Nakubali, wapo waliokamuliwa na ndugu mpaka wakabaki mifupa, na hao wana haki ya kufunga mlango wapumue. Lakini kumwambia kijana mpweke azidi kuwa mpweke ni kumuumiza. Wazee walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Siku hizi tunaitaja nusu ya kwanza tu, tena kwenye michango ya harusi, na ile nusu ya pili ndiyo inayomhusu kijana huyu: usiseme kutoa ni utajiri, yaani usingoje mpaka uwe nacho. Damu haitengenezwi kiwandani, na chupa ikikaa zaidi ya wiki chache haifai tena. Inamsubiri mtu aje, mwenye kazi au asiye na kazi. Mgonjwa wa kukaa naye wodini anasubiri vivyo hivyo, na bibi anayehitaji kusomewa karatasi ya dawa.

Yule mama alipona. Mtoto wake yuko darasa la pili na ananiita baba mdogo.

Jumamosi nikamchukua yule kijana. Mizani ikasoma 54, tone likazama. Alipokuwa anakunywa soda akaniuliza chupa yake itakwenda kwa nani. Nikamwambia hatutajua. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kuhesabu miezi mitatu kwa vidole.